Ukiiuliza modeli “ingekuwaje”, andika mwongozo wako mwenyewe

Wengi wanaotumia Pyro, maktaba ya Python ya modeli za uwezekano, hushika AutoNormal, mwongozo wake wa kiotomatiki. Mwongozo ni mgawanyo rahisi unaokisia hali fiche (zisizoonekana moja kwa moja) kutokana na data. Wakiona hasara, yaani kipimo cha ubovu wa makisio, imetulia, wanaendelea na safari. Kwa utabiri wa kawaida mara nyingi inatosha. Kwa maswali ya “ingekuwaje kama”, mimi siitumii tena.

Judea Pearl, mtafiti wa usababishi, aliligawa swali la aina hii katika hatua tatu: tumia kilichotokea kukisia hali fiche za mhusika, badilisha kitendo, kisha kokotoa matokeo. Kazi ngumu iko kwenye hatua ya kwanza. Ukichota hali fiche upya baada ya kubadilisha kitendo, umejibu kuhusu wakulima kwa jumla, si kuhusu mkulima huyu.

Tuchukue shamba la mahindi. Tuseme eka moja hutoa magunia 10 jumlisha u, yaani hali ya udongo wa mkulima. Mfuko mmoja wa mbolea huongeza magunia 4 jumlisha v, jinsi udongo huo unavyoipokea mbolea. Kabla ya data, u na v zina wastani wa sifuri na mkengeuko wa kawaida wa 2 kila moja. Kosa la upimaji ni nusu gunia. Mkulima ametia mfuko mmoja, amevuna 12. Asingetia, angevuna mangapi?

Data inajua jumla tu: u + v ni karibu −2. Moja ikipanda, nyingine sharti ishuke. AutoNormal huvichukulia vigezo hivi kana kwamba kila kimoja kinajitegemea. Kokotoa kwa mkono: jibu sahihi ni magunia 9 hivi, mkengeuko 1.4. AutoNormal nayo itakupa 9, ila mkengeuko chini kidogo ya 0.5. Ukitazama wastani peke yake huoni kasoro yoyote, na mkulima wa watu anapewa uhakika ambao data haina.

Kwa hiyo naandika mwongozo unaochota u kwanza, kisha v ambayo wastani wake unategemea u, mkulima kwa mkulima. AutoMultivariateNormal, mwongozo wa Pyro unaoweka uhusiano wa vigezo vyote katika matriki moja, inafaa wakulima wakiwa wachache. Wakiwa wengi, matriki yake hukua kwa mraba wa idadi yao. Halafu nachukua sehemu ndogo ya data, naendesha NUTS, njia ya kuchota sampuli isiyotegemea mwongozo, na kulinganisha mtawanyiko wa jibu lenyewe la “ingekuwaje”.

Pale mbolea inapofanya kazi sawasawa kwa wote na upimaji hauna kosa, usihangaike na makisio. Toa tu: 12 − 14 = −2. Hiyo ndiyo u, na bila mbolea angevuna 8.