Tuisheni, ada na mfuko wa mzazi: maswali yenu

Swali (Mama K, Tabata): Mwalimu wa mwanangu darasa la nne ndo huyohuyo anafundisha tuisheni jioni, buku kwa siku. Nikiacha naogopa atamtenga.

Jibu: Aisee hapo pagumu, maana akimaliza mada yote asubuhi jioni atauza nini? Sisemi walimu wote wako hivyo, wengi mshahara tu hautoshi, ila biashara yenyewe imekaa kimtego. Buku kila siku ni elfu ishirini na kitu kwa mwezi, sasa kabla hujatoa nyingine mpe mtoto hadithi ya darasa la pili akusomee, ndo kipimo cha Uwezo, wale watu wa kupima watoto kusoma na kuhesabu, walipokuwa wanapita nyumba kwa nyumba hapa, Kenya na Uganda, na walikuta mpaka watoto wa madarasa ya juu wanakwama. Akikwama, mada za darasa la nne zitampita tu hata alipie mara mbili, bora binti wa jirani aliyemaliza form four amrudishe kwenye kusoma na kujumlisha. Shirika la Pratham huko India wanawapanga watoto kwa wanachojua sio kwa darasa, na majaribio yalionyesha inasaidia kweli. Akisoma vizuri, kaa na hela yako. Kuhusu kutengwa, nenda shuleni, msalimie mwalimu, muulize mtoto kakwama wapi, nenda tena mwezi ujao.

Swali: Si walisema elimu bure?

Jibu: Ada tu. 2016 mpaka form four, 2022 wakaongeza five na six. Sare, madaftari na nauli ni zako, na kijana akiwa darasani hayupo dukani wala shambani, hiyo nayo gharama ila haina risiti.

Swali: Kwa nini wasipige marufuku tuisheni?

Jibu: Kenya sheria ya 2013 inakataza tuisheni za likizo, waulize wazazi wa huko kama ziliisha. China 2021 walizuia makampuni kufundisha masomo ya shule kwa faida, wenye hela wakaita walimu majumbani kimyakimya. Nafasi nzuri za shule zikiwa chache ni kama kugombania daladala ya Mbagala jioni, wote mkiongeza nguvu siti zinabaki zilezile.

Swali: Hela ya mmoja tu, mkubwa form three, mdogo darasa la kwanza. Nani?

Jibu: Mdogo, na wala sio tuisheni, mnunulie vitabu vya hadithi. Mkubwa atafute pasti pepa apige na wenzake, na jioni amsikilize mdogo wake akisoma.