“Si Kali”? Basi ni butu

Swali: Mwanafunzi wa kompyuta anatunga lugha ya programu ya utani iitwayo D♭, ambayo kila mstari wake hugeuzwa kuwa lugha ya programu ya C#. Kwenye mwongozo wake ameziita “C Kali” na “D Bapa”. Je, ni Kiswahili sanifu?

Jibu: Utani wako mzuri, ila tafsiri ndiyo balaa. C#, iliyotangazwa na Microsoft mwaka 2000, ilipewa jina la noti ya muziki ya C iliyopandishwa nusu toni. Kwenye piano hicho ni kitufe cheusi kati ya C na D, na kina majina mawili: ukipanda kutoka C ni C#, ukishuka kutoka D ni D♭. (Kwa wapiga fidla na udi wa taarabu, wasiofungwa na vitufe, huo ni ugomvi mwingine.)

Sasa hiyo “kali”, uliyoitafsiri neno kwa neno kutoka “sharp” ya Kiingereza, kama “bapa” kutoka “flat”. Kisu huwa kikali, pilipili huwa kali, mwalimu wa hesabu huwa mkali. Noti hupanda. Halafu litamke jina lenyewe: “Si Kali.” Umeshalikana kabla hujamaliza kulitaja! Bosi akikuuliza mfumo umeandikwa kwa lugha gani, umjibu “Si Kali”, atakuuliza iliyo kali ni ipi. Jaribu kumwambia mwanafunzi mwenzako, “Si Kali ni kali kuliko Si,” uone kama atakukopesha tena kompyuta yake. Ukifika kwenye C♭ utapata “Si Bapa”, ambayo nayo inaapa kwamba si bapa.

Sema si-shapu na di-flati, kama wanamuziki. Wanaosema “si-reli”, kwa alama wanayobonyeza mwishoni mwa *150*00#, nawavumilia. Kwa umbo wana haki. Alama ya shapu, ♯, ina nguzo zilizosimama wima na pau zinazopanda ili zisimezwe na mistari ya muziki. Inayoandikwa kwenye C# ni reli ya kawaida, U+0023 (namba yake kwenye Unicode, orodha ya herufi za kompyuta), na ECMA-334, kiwango rasmi cha lugha hiyo, kinasema hivyo waziwazi. Kwenye anwani ya tovuti iandike %23, la sivyo kivinjari kitaikata hapo.

Flati yako iwe ♭, U+266D. Ukiandika “Db” watu watadhani ni hifadhidata (“database”). Na kama jina bado halijakukaa, fikiria C♭: kwenye piano ni B ileile, na B ni lugha ya programu ya kweli ya Ken Thompson wa maabara ya Bell Labs, iliyoizaa lugha ya C.