Kabla ya Kukariri Jedwali la Elementi, Hesabu Protoni

Walimu wa kemia tunamfahamu vizuri mwanafunzi anayetaja elementi 20 za kwanza kwa pumzi moja, haidrojeni mpaka kalsiamu, halafu ukimuuliza kwa nini sodiamu na potasiamu zimekaa safu moja, anatazama chini. Si mvivu. Amekesha akikariri, na alichokariri hakimsaidii kujibu swali lolote linaloanza na "kwa nini". Ushauri wangu kwa kijana anayeanza somo hili, na kwa mzazi anayemsimamia nyumbani, ni kuiweka orodha pembeni kwanza na kuanza na protoni.

Katikati ya atomu kuna kiini chenye protoni na nyutroni, na nje ya kiini kuna elektroni. Kinachoamua hiyo ni atomu ya elementi gani ni idadi ya protoni peke yake. Protoni 6 ni kaboni, iwe kwenye mkaa wa jikoni, kwenye almasi ya Mwadui au kwenye kinywe (grafiti) cha Mahenge. Zikiwa 7 ni naitrojeni. Baina ya 6 na 7 hakuna kitu, kwa hiyo baina ya kaboni na naitrojeni hakuna elementi nyingine inayosubiri kugunduliwa. Mwanafunzi akilishika hilo, namba zile za kwenye jedwali zinaacha kuwa namba za kukariri.

Sasa shika vitu kwa mkono. Sehemu hii msiipite haraka, maana ndiyo niliyoona ikiwafungua wengi. Tafuta karatasi ya manila, chora duara dogo la kiini na maduara makubwa kulizunguka, ndiyo maganda ya elektroni. Mahindi yawe protoni, maharage yawe nyutroni, choroko ziwe elektroni. Ganda la kwanza linabeba choroko 2 basi, la pili 8, na kwa elementi hizi 20 la tatu nalo utalihesabu limejaa kwa 8. Panga sodiamu: mahindi 11 na maharage 12 kwenye kiini, kisha choroko 2, 8, na moja inayobaki peke yake nje. Panga zote 20, moja baada ya nyingine, hata kama itachukua wiki nzima.

Halafu anza kuchokoza. Kaboni ya kawaida ina maharage 6, ongeza 2. Bado ni kaboni, ila sasa ni kaboni-14, ile inayotumika kukadiria umri wa mifupa na mkaa wa kale. Ondoa choroko ya nje ya sodiamu: bado ni sodiamu, ila imekuwa ioni yenye chaji chanya. Ondoa hindi moja, na hapo hiyo si sodiamu tena. Tofauti ya isotopu (atomu za elementi moja zenye idadi tofauti ya nyutroni), ioni na elementi, ambayo huwasumbua wanafunzi mpaka kidato cha nne, inaonekana hapo mezani.

Kuna swali ambalo mwanafunzi makini lazima ataliuliza: mbona klorini kwenye jedwali imeandikiwa uzito wa 35.5, kwani kuna nusu nyutroni? Msifu kwa kuuliza. Hakuna nusu nyutroni. Klorini ya duniani ni mchanganyiko: karibu robo tatu ya atomu zake zina namba ya masi (jumla ya protoni na nyutroni) 35, na karibu robo iliyobaki zina 37. Chukua 35 mara 75, jumlisha 37 mara 25, gawanya kwa 100: jibu 35.5. Ni wastani wa kundi zima, wala hakuna atomu hata moja yenye uzito huo.

Baada ya kupanga, tafuta wanaofanana nje. Choroko moja kwenye ganda la mwisho utaikuta kwa lithiamu namba 3, sodiamu namba 11 na potasiamu namba 19. Kutoka moja hadi nyingine ni hatua 8. Tazama kalenda ya ukutani: tarehe zinazidi kwenda mbele, lakini kila baada ya siku 7 unarudi Jumatatu. Jedwali la elementi limejengwa hivyo hivyo. Zote tatu ni metali laini, hukatika kwa kisu, huhifadhiwa kwenye mafuta na huchachamaa zikigusa maji. Potasiamu huwa kali zaidi kwa sababu elektroni yake ya mwisho iko mbali zaidi na kiini, hivyo huachiliwa kwa urahisi. Usithubutu kulijaribu hili bila mwalimu.

Upande wa pili wapo florini na klorini, wenye 7 nje, wanaopungukiwa na moja. Sodiamu inatoa, klorini inapokea: metali inayolipuka majini na gesi yenye sumu zinakuwa chumvi tunayotia kwenye mboga. Lakini sodiamu haijapotea humo. Maji ya chumvi yakifurika kwenye jiko la gesi, moto wa bluu hugeuka njano. Hiyo njano ni ya sodiamu. Magadi nayo yakiingia motoni hutoa njano ileile.

Safu ya mwisho kabisa ni ya waliokwisha kujaa. Angalia heliamu, maana mitihani hupenda kuwanasa watu hapo: ina elektroni 2 nje, lakini haikai na magnesiamu, kwa sababu ganda la kwanza hujaa kwa 2. Kwa kuwa imejaa, haiungani na chochote. Ndiyo maana wanaotafuta heliamu kule bonde la Rukwa wanatafuta gesi iliyonaswa chini ya ardhi, si mwamba wenye kampaundi ya heliamu.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni kufunika kisanduku kimoja cha jedwali na kukikisia kwa kutazama majirani zake. Dmitri Mendeleev, Mrusi aliyetoa jedwali lake mwaka 1869, alifanya hivyo kwa elementi ambazo hakuna aliyekuwa ameziona. Wakati huo zilijulikana elementi 63. Aliacha nafasi wazi, na chini ya aluminiamu akatabiri elementi yenye uzito wa atomu karibu 68 na densiti karibu 5.9. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akaipata, ni galiamu. Alipopima densiti akapata 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwa ameishika hata chembe yake, akamwandikia aisafishe zaidi na kupima upya. Akapima: 5.9. Mwambie mwanao kisa hiki usiku mmoja, kisha mfunikie fosforasi umwone atakavyohangaika.

Mendeleev hakujua protoni; alipanga kwa uzito na tabia, na pale viwili hivyo vilipogombana, kama kwa teluriamu na ayodini, alifuata tabia. Mwaka 1913 Mwingereza Henry Moseley alionyesha kwa eksirei kwamba mpangilio wa kweli ni wa chaji ya kiini, yaani hesabu ileile ya mahindi.

Kuhusu lugha: kwetu Tanzania mtihani wa sekondari huja kwa Kiingereza. Jadilianeni kwa Kiswahili mpaka kila mmoja aweze kumweleza mwenzake, ndipo muandike jibu kwa Kiingereza. Ukibadilisha utaratibu huo, utapata sentensi nzuri zisizo na maana kichwani.

Elementi ziko 118, na nne za mwisho zilipewa majina mwaka 2016. Zisikutishe. Zaidi ya zile 20, jua alama za chuma, shaba, zinki, fedha, dhahabu, risasi na zebaki, kwa sasa zinatosha. Kisha rudi kwenye manila, weka magnesiamu yenye choroko 2 za kutoa, weka klorini yenye nafasi moja ya kupokea, uone inahitaji klorini ngapi. Ukipata MgCl₂ bila kufungua daftari, endelea na aluminiamu na oksijeni.