Upasuaji wa Kurekebisha Taya Unaanzia Kwenye Kiti Chako: Kwa Wanaoanza Kazi ya Kinywa na Meno Tabora

Wengi mnaopangiwa vituo vya mkoa wa Tabora mkitoka chuoni huja mkiamini kwamba upasuaji wa kurekebisha taya ni habari ya Dar es Salaam. Mgonjwa ambaye taya lake la chini limetangulia la juu, au ambaye uso wake umepinda upande mmoja, mnaona mmemaliza naye mkishajaza fomu ya rufaa. Zamani mawazo hayo yalikuwa na ukweli kiasi. Siku hizi hayana, kwa sababu maendeleo ya fani hii katika miongo miwili iliyopita yameondoa sehemu kubwa ya uamuzi kwenye chumba cha upasuaji na kuipeleka kwenye maandalizi, nayo maandalizi yanategemea kumbukumbu anazochukua mtu wa kwanza kumwona mgonjwa.

Kwanza mfahamu ambacho hakijabadilika. Mpasuaji Simon Hullihen alikata na kurekebisha taya la chini huko Marekani mwaka 1849, akimtibu msichana ambaye makovu ya moto yalikuwa yamemharibu uso. Hata hivyo mkato unaotumika zaidi hadi leo ni ule ulioelezwa na wapasuaji Trauner na Obwegeser mwaka 1957 na kuboreshwa na mwenzao Dal Pont mwaka 1961: mfupa wa taya la chini hupasuliwa kwa unene wake, pande zote mbili, ili vipande viteleze kimoja juu ya kingine huku vikibaki vimegusana kwa eneo pana la kutosha kuunga. Taya la juu hukatwa juu ya mizizi ya meno, kwenye mstari uliopewa jina la Mfaransa René Le Fort, aliyechunguza mivunjiko ya uso mwaka 1901. Kompyuta haikuvumbua mkato mwingine. Kazi yake ni kumwonyesha mpasuaji, kabla hajashika kisu, mfupa uende wapi na kwa milimita ngapi.

Hatua kubwa iliyotangulia kompyuta, na kwa maoni yangu ndiyo iliyomfaa mgonjwa kuliko zote, ni mabamba madogo ya metali (siku hizi titani) na skrubu zake, ambayo yalianza kuenea miaka ya 1970. Kabla ya hapo mgonjwa alifungwa meno ya juu na ya chini kwa waya kwa muda wa wiki 6 hivi, akila kwa mrija. Sasa mfupa hushikiliwa kwa ndani na mgonjwa hufungua kinywa mapema.

Katika upangaji wa sasa, picha za CT za fuvu (eksirei za kompyuta zinazoonyesha mfupa pande zote) huunganishwa na taswira ya meno iliyochukuliwa kwa skana ya mdomoni au kwa kuskani modeli za plasta, kisha mpasuaji na daktari wa kupanga meno huukata mfupa kwenye skrini na kuusogeza mpaka waridhike. Kutokana na mpango huo huchapishwa, kwa printa ya 3D, vibao vya kung'atia vinavyoonyesha taya likae wapi, vielekezi vya kukatia mfupa, na pale penye uwezo hutengenezwa bamba la titani la mgonjwa huyo peke yake. Tofauti kati ya mpango na matokeo ikiwa chini ya milimita 2, kwa kawaida huhesabiwa kuwa nzuri. Sasa fikirini: kama jinsi meno yanavyokutana imechukuliwa vibaya, mashine zote hizo zitatekeleza kosa hilo kwa usahihi mkubwa.

Hapa ndipo ninapotaka mkae kwa muda. Mgonjwa ambaye taya lake la chini ni fupi hujizoesha kulisukuma mbele ili meno yakutane au uso upendeze, na hufanya hivyo bila kujua. Ukimwambia tu "ng'ata", atakupa mazoea yake, wala hatakupa nafasi halisi ya kiungo cha taya. Mlaze kiti kidogo, mwache apumzike, mwambie akunje ncha ya ulimi kuelekea nyuma ya kaakaa, kisha afunge taratibu mpaka jino la kwanza ligusane. Rudia, na uangalie kama mguso wa kwanza uko mahali palepale. Taya likiteleza baada ya mguso huo, andika limeteleza kuelekea wapi na kwa milimita ngapi. Nta ya kunakili jinsi meno yanavyokutana ilainishwe kwa maji ya uvuguvugu, isibanwe mpaka itoboke, na ikishapoa irudishwe mdomoni kuhakikiwa. Joto la Tabora mwezi wa Oktoba linalijua kila mtu: nta iliyoachwa dirishani au kwenye buti la basi hufika ikiwa na umbo jingine, kwa hiyo isafiri pamoja na modeli ndani ya kopo gumu lililojazwa pamba, likiwa mkononi mwa mgonjwa mwenyewe.

Picha nazo zina nidhamu yake. Mgonjwa asimame akitazama mbele kwa usawa wa macho yake, midomo ikiwa imelegea kabisa, maana aliyezoea kuficha meno hubana midomo kila akiona kamera na hivyo kuficha kipimo muhimu kuliko vyote, yaani urefu wa jino la mbele la juu unaoonekana mdomo ukiwa umetulia. Kipimo hicho kichukueni kwa rula, kwa sababu mgonjwa akishalazwa kwa dawa ya usingizi hakipatikani tena.

Mbinu nyingine nitazipitia kwa haraka. Vifaa vya kukatia mfupa kwa mitetemo ya mawimbi ya sauti isiyosikika huchelewa kuliko msumeno, lakini hupunguza hatari ya kuumiza mishipa ya fahamu. Pamoja na hayo, ganzi ya mdomo wa chini bado huwapata wengi baada ya upasuaji, na kwa baadhi yao haiishi yote, hivyo mgonjwa alielezwe kabla hajapanda treni. Kupasua kwanza na kupanga meno baadaye, utaratibu uliopata nguvu tangu mwaka 2009, hufupisha matibabu kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri, ila hudai daktari wa kupanga meno awe karibu baada ya upasuaji. Kwa mgonjwa wa Sikonge au Urambo, mimi huuona kuwa mgumu.

Kuurefusha mfupa kwa kuuvuta polepole, mbinu iliyotokana na kazi ya daktari wa mifupa Ilizarov kwenye miguu na mikono na kuelezwa na mpasuaji McCarthy mwaka 1992 kwa taya za watoto, mtahitaji kuifahamu zaidi. Mtoto aliyeanguka au kuugua sikio, kinywa kikaacha kufunguka na kidevu kikabaki kidogo, huenda akaihitaji. Baada ya mkato husubiriwa siku 5 hadi 7, kisha mfupa huvutwa kwa takribani milimita 1 kwa siku. Mtoto wa aina hiyo akiwa anakoroma na kushtuka usingizini, rufaa yake ni ya haraka.

Kwa kijana ambaye taya la chini linaendelea kutangulia, msiharakishe. Muulizeni mzazi kama viatu vya shule bado vinambana kila mwaka, linganisheni picha za eksirei za ubavuni zilizopishana angalau miezi 6, kwa kuwa taya lililopasuliwa kabla ya kukoma kukua linaweza kurudi lilikokuwa.

Mgonjwa akirudi kwenu, pimeni upana wa kufungua kinywa kila anapohudhuria, na mchoreni kwa kalamu mpaka wa ganzi kwenye kidevu kisha mpige picha. Meno yakianza kutokutana katika wiki za mwanzo, msiyasage ili yakutane. Mpigieni simu aliyempasua siku hiyohiyo, kwa sababu skrubu iliyolegea hurekebishwa kwa urahisi kabla mfupa haujashika.