Kisiki, Ayubu 14, na maombi yaliyokauka baada ya msiba

Pole sana na msiba, ndugu yangu. Umeuliza kama ushauri wa mchungaji wako, kwamba uache kujifungia ndani ukatazame uumbaji wa Mungu, unasaidia kweli au ni maneno ya kumnyamazisha mfiwa tu. Nami niliambiwa hivyohivyo, na nilikasirika.

Nilimzika mdogo wangu. Miezi kama minne hivi, nikipiga magoti hakitoki kitu. Nasema "Baba", nanyamaza, nasinzia. Kanisani naenda, naimba na wenzangu, narudi vilevile. Mtu akiniambia tazama maua yalivyo mazuri, Mungu ni mwema, natamani kumjibu kwamba hata siku ya mazishi yalikuwepo, na yalipendeza vilevile.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mti tuliokuwa tumeukata kwa sababu mizizi ilikuwa inapasua ukuta. Kikabaki kisiki cha kufika gotini, nami jioni nikawa nakikalia kwa kuwa ndani hapakaliki. Siku moja nikaweka mkono ubavuni mwake, nikagusa kitu laini. Kuinama, gome limepasuka, na kidude chekundu kama ulimi wa paka mchanga kinachungulia. Kesho yake vilikuwa viwili. Baadaye majani yakakunjuka, makubwa kuliko ya mti wenyewe ulipokuwa mzima.

Nisiufanye muujiza. Chini ya gome huwa kuna macho, yaani vichipukizi ambavyo havijatokeza, yaliyolala miaka na miaka, na mizizi ina akiba ya chakula. Shina likiondoka, macho yanaamka na akiba yote inaelekea huko. Si miti yote lakini. Misonobari mingi ukiikata ndiyo basi.

Nikakimbilia Ayubu 14, ile tunayoipenda, kwamba mti ukikatwa kuna matumaini, kwa harufu ya maji utachipuka. Shida yetu tunaishia mstari wa 9. Mstari wa 10 Ayubu anageuka: mwanadamu naye akifa, yuko wapi? Kumbe hakuwa anajifariji kwa mti, alikuwa anauonea wivu! Hapo nililia, mara ya kwanza tangu mazishi. Biblia yenyewe ilikuwa imeshasema nililoogopa kulisema mbele ya watu. Mdogo wangu hana macho yaliyolala chini ya gome.

Kwa hiyo mtu akikwambia miti huchipua basi na marehemu wako atafufuka, usijilazimishe kukubali hoja hiyo, ni dhaifu. Tumaini letu limeshikilia kaburi moja lililokutwa tupu. Ila nilipolisoma upya kwa Yohana nikaona nilichokuwa nakiruka: kaburi lile lilikuwa bustanini, na Maria alipomwona Bwana alimdhania mtunza bustani. Tangu hapo kile kisiki sikukidai tena jibu. Nilikikalia kama mtu aliyekaa kwenye shamba la mtu anayemfahamu.

Nikushauri nini? Usitoke nje kutafuta kusisimka, utarudi umechoka zaidi. Nabii Eliya alipoomba afe chini ya mti wa mretemu hakuhubiriwa. Aliachwa alale, akapewa mkate na maji, akalala tena, akapewa tena. Wewe chagua kitu kimoja kilicho karibu, hata kama ni nyasi za dirishani, ukitazame kila siku bila kukitafutia fundisho. Na kama maombi hayatoki, mwambie Mungu unachokiona. Yangu yalirudi kwa sentensi moja: "Baba, leo yako saba." Nilikuwa nahesabu machipukizi.

Sasa yamenipita kimo. Ukuta umeanza kupasuka tena na fundi anataka tukate. Wiki ya tatu hii sijamjibu.