Unakula kidogo na bado unanenepa? Pima thairoidi

Pole sana, dada. Kunenepa huku unajinyima chakula, na kujifunika blanketi wenzako wakitoka jasho, si uvivu. Thairoidi, ile tezi iliyo mbele ya shingo, hutoa homoni za T4 na T3 zinazoamua mwili utumie nishati kwa kasi gani. Zikipungua, hata moyo na choo huenda polepole.

Omba kipimo cha damu cha T4 na TSH, homoni itokayo chini ya ubongo kuihimiza thairoidi ifanye kazi. TSH ikipanda huku T4 ikishuka, tezi imezidiwa. Ukiandikiwa levothairoksini, dawa ya kujazia T4 iliyopungua, imeze kwa maji matupu nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Vidonge vya madini ya chuma visubiri muda wa saa nne baada ya dawa hiyo. Mimi nilivimeza pamoja miezi kadhaa, uchovu haukuisha. Usijinunulie dawa: ikizidi, moyo huenda mbio. Kama una mimba, mwone daktari mapema.