Okidi za ndani: maji yaingie na yatoke

Ndugu, umesema kumwagilia okidi zako moja moja kunakuchosha, maji yanachuruzika mezani, na mbili zimeanza kuoza mizizi. Anza na chungu, maana ratiba haitasaidia kama maji hayana pa kutokea.

Okidi nyingi za nyumbani kwa asili huota juu ya miti, mizizi ikipigwa na hewa. Udongo wa bustani huzisonga. Tumia chungu cha plastiki kinachopitisha mwanga, chenye matundu mengi chini, ujaze vipande vya magome ya miti na mkaa kidogo. Kisha kiweke ndani ya chungu cha urembo kisicho na tundu, na meza itabaki kavu.

Siku ya kumwagilia, jaza maji kwenye chungu cha nje, acha dakika 10 hadi 15, inua cha ndani kichuruzike kabisa, halafu mwaga yote yaliyobaki. Hatua hii usiiruke hata siku moja! Maji kidogo yanayosahaulika pale chini ndiyo huozesha. Wala usihamishie maji hayo kwenye mmea mwingine, ugonjwa husambaa hivyo.

Lini? Tazama mizizi kupitia plastiki: ikiwa kijani, subiri, ikipauka kuwa ya kijivu, mwagilia.

Zile mbili zitoe leo. Kata mizizi laini ya kahawia kwa mkasi safi, iliyo migumu iache, kisha panda kwenye magome mapya.